Kitabu cha Kuonja

Jumapili, 3 Machi

Kitabu hiki ninachoandikia si changu kwa haki. Nilipostaafu upishi wa shule ya bweni, baada ya miaka thelathini na moja, mwalimu mkuu alinipa saa ya ukutani na makofi. Kitabu nilijipa mwenyewe. Ni kitabu cha kuonja. Kila siku, kabla wanafunzi hawajapewa chakula, mwalimu wa zamu aliingia jikoni, akaonja, akaandika maoni yake na kutia sahihi. Bila sahihi, hakuna sahani iliyopita dirishani. Kila ukurasa una safu nne: Tarehe, Chakula, Maoni, Sahihi. Nusu ya kurasa zilikuwa tupu, nami sipendi kutupa kitu chenye nafasi.

Nimefika kwa binti yangu leo mchana, mvua ikinisindikiza tangu kituoni. Ameajiriwa kwenye karakana ya kushona sare, anatoka asubuhi na kurudi jioni. Mkwe wangu ni fundi saa, naye yuko kibandani kwake kutwa. Wanahitaji mtu wa kupika na kumpokea mjukuu akitoka shule. Tumekubaliana nikae mpaka mvua ziishe, kisha niende kwa dada yangu, ambaye ana chumba kitupu na maneno mengi.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi jembe langu nimekuja nalo: mwiko wangu wa shule, unanifika kifuani. Hauingii jikoni. Umesimama nje ya mlango kama askari.

Jumatatu, 4 Machi

Mjukuu ana miaka saba na mikono myembamba kama mishikio ya vijiko. Kliniki wamempima: kilo kumi na saba na gramu mia mbili. Si mgonjwa, wamemchunguza kila mahali. Hataki kula, basi. Nesi amesema ikifika mwisho wa Mei hajafika kilo kumi na nane na nusu, atalazwa hospitali kuu, huko wajue la kufanya.

Nyama aliikataa tangu alipojua kuku mwekundu wa jirani alikwenda wapi. Ili kusiwe na vita mezani, binti yangu ameamua nyumba nzima ile mboga na nafaka. Nesi hana neno. Dengu, maharage, karanga, mboga za majani, vyote vinatosha, mradi vifike tumboni.

"Baba, utamweza?" binti ameniuliza, akitazama pembeni.

"Mwanangu, nimelisha watoto mia nne kwa siku. Huyu mmoja ndiye atanishinda?"

Naandika hapa nilivyojisifu, nisije kusema sikusema.

Jumanne, 5 Machi

Nimepiga hesabu vizuri. Maharage kilo arobaini kwa watoto mia nne, maana yake kila mtu gramu mia. Sisi ni wanne, basi gramu mia nne. Nikapima, nikamimina sufuriani, nikachungulia. Maharage yalikuwa yamejikunyata chini kama watu waliokosa basi. Hesabu ilisema yanatosha, lakini mikono yangu haikuamini. Nikaongeza kidogo. Nikaongeza tena, nikaazima sufuria kwa jirani.

Binti amerudi jioni, akasimama mlangoni na mkoba begani.

"Baba, kuna msiba?"

"Msiba gani?"

"Haya maharage yote ni ya nani?"

Jumatano, 6 Machi

Maharage.

Alhamisi, 7 Machi

Maharage na wali.

Ijumaa, 8 Machi

Maharage na viazi. Mkwe wangu ni mtu wa adabu, hula kama anavyotengeneza saa, punje moja moja bila neno. Leo amesema, "Baba, maharage haya yana moyo wa subira." Nimeelewa. Kilichobaki nimempelekea jirani. Yeye ni msusi, anasukia watu barazani kwake. Wateja wake wamekula vichwa vikiwa nusu vimesukwa, wakaomba kingine.

Mjukuu kwa siku nne amekula wali mweupe vijiko sita. Nimehesabu.

Alhamisi, 14 Machi

Sasa napima kwa kikombe cha chai na kuufunga mfuko kwa kamba kabla mikono haijaanza ujeuri wake. Leo nimepika dengu na karoti, na kabichi pembeni. Vitunguu nimekaanga vingi mpaka vikawa vyekundu. Chakula bila kitunguu ni barua bila salamu.

Mjukuu amevitoa vyote kimoja kimoja, akavipanga ukingoni mwa sahani kama mzigo unaosubiri lori. Sisi watatu tunamtazama. Akinyanyua kijiko, sisi tunanyanyua nyusi. Akikirudisha chini, tunashusha pumzi.

Ijumaa, 22 Machi

Muujiza! Sahani imerudi nyeupe. Boga, karanga na mchicha, vyote. Ametuambia tusimsubiri, anakula polepole. Tukatoka barazani kutazama mvua, na kuingia tukakuta sahani inang'aa.

"Nilikwambia," nikamwambia binti yangu. Nilimwambia mara tatu.

Jumapili, 24 Machi

Sahani nyeupe.

Jumatano, 27 Machi

Sahani nyeupe. Mvua.

Jumatatu, 1 Aprili

Msusi ameleta mayai sita kwa shukrani ya yale maharage. Anasema hajui kuku wake wamepatwa na nini, wanataga kana kwamba wamewekeana mkataba, na wamenenepa hadi wanatembea kwa kuyumba. Nimemwambia ni majani mapya ya mvua.

Mkwe ameishusha ile saa yangu ya kustaafu. Ilisimama mwezi wa pili tu tangu nipewe. Ameitegea sikio kama daktari. "Haijafa, Baba. Imelala." Ameichukua kibandani.

Ijumaa, 12 Aprili

Kliniki. Nilikwenda naye mwenyewe, nimevaa koti langu zuri, nikachonga na maneno ya kumwambia nesi jinsi ya kupika dengu. Mjukuu akapanda mizani. Nesi akatazama, akamshusha, akampandisha tena.

Kilo kumi na saba kamili. Amepungua.

Nimerudi nyumbani nikiwa sina pa kuuweka uso. Binti hakunilaumu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Alikaa kitandani akisema ataacha kazi ya karakana, akae nyumbani amlishe mwenyewe. Kazi hiyo aliitafuta miaka miwili.

"Lakini sahani zinarudi nyeupe," nikasema.

"Najua, Baba. Naziosha mimi."

Jumatatu, 15 Aprili

Leo nitaandika kirefu, maana nina haya ya kumwaga.

Jana mvua ilinyesha toka asubuhi mpaka jioni, hakuna aliyetia mguu nje. Leo asubuhi ikazidi, uchochoro ukawa mto. Mjukuu anajiandaa kwenda shule na viatu vya wazi. Nikamwambia avae mabuti yake ya mvua. Yapo nyuma ya mlango, karibu na kiti chake cha mezani, mapya kabisa. Yalinunuliwa makubwa ili yamfae hata akikua, na sijawahi kumwona nayo mguuni.

"Yananibana," akasema.

"Yanakubana? Hata mimi yanakaribia kunienea."

Nikayachukua. Yalikuwa mazito. Nikatia mkono, nikatoa kiganja cha wali wa jana, dengu, na karoti nilizozikata duara kwa upendo mkubwa. Buti la pili lilikuwa la mboga. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wazee, lakini mabuti hawakuyataja.

Ndipo nikawaelewa wale kuku. Kila siku baada ya kula mtoto alikuwa akitoka na mabuti yake mkononi, eti anakwenda kuyapigisha upepo, akamimina kila kitu upande wa pili wa ukuta, uani kwa msusi. Jana mvua ilimzuia. Mwezi mzima mimi, mpishi wa miaka thelathini na moja, nimekuwa nikilisha kuku wa msusi.

Nilikasirika. Nilipiga kelele mpaka msusi akachungulia. Nikasema mchelea mwana kulia hulia yeye, nikavuta kiti, nikaweka bakuli la uji mbele yake, nikasema hatoki hapo mpaka aumalize, shule baadaye. Nikasimama kando yake nimekunja mikono. Alikula kijiko kimoja. Alikizungusha mdomoni muda mrefu, machozi yakimshuka bila sauti, na hakumeza. Hakuwa anafanya ukaidi. Alikuwa anajaribu, nami niliona anajaribu, na koo lake dogo linakataa.

Nikaondoa bakuli. Nikakaa chini sakafuni, magoti yakalalamika.

"Hebu niambie. Ni chumvi?"

Akatikisa kichwa.

"Ni kitunguu?"

"Kitunguu pia. Lakini si hicho." Akafuta pua kwa mkono. "Mnanitazama mdomo, Babu. Wewe, na mama, na baba. Mkinitazama, chakula kinakuwa kikubwa."

Nilimpeleka shule nimembeba mgongoni, maji yakinifika kwenye vifundo, na mabuti nikayaacha yaloweke kwenye ndoo. Mlangoni mwa shule akanishika sikio, akaninong'oneza, "Pole kwa dengu zako." Nimelia wakati wa kurudi. Mvua ina faida zake.

Sasa nimekaa jikoni nafikiri. Miaka yote ile, sikuwahi kumtazama mtoto hata mmoja akila. Nilikuwa nyuma ya dirisha: sahani inakuja tupu, inaondoka imejaa, inayofuata. Mtu pekee aliyekula jikoni kwangu alikuwa mwalimu wa zamu, na kwake tulikuwa na kanuni: akionja, mpishi hugeukia ukuta. Ukimkodolea macho utakuwa unamwomba sifa.

Kitabu kiko hapa mapajani mwangu. Mjinga ni mimi.

Jumanne, 16 Aprili

Alipotoka shule nilimpokea mlangoni nimevaa aproni yangu ya kazi na kofia.

"Kuanzia leo," nikasema, "hakuna chakula kitakachotoka jiko hili kwenda kwa mtu yeyote bila sahihi ya mwalimu wa zamu. Na mwalimu wa zamu ni wewe."

Akanitazama kuona kama nacheka. Sikucheka. Nikampa kigoda, bakuli, kijiko, kalamu na kitabu, nikampa kanuni. Ya kwanza, kusema kweli. Ya pili, kuandika. Ya tatu, kuonja si kulamba, kuonja ni bakuli zima, kwa sababu chumvi hujificha chini. Hiyo ya tatu niliitunga papo hapo, Mungu anisamehe.

"Na wewe?"

"Mimi nageukia ukuta."

Nikageuka. Kwenye ukuta wa jiko la binti yangu kuna ufa wenye umbo la mguu wa kuku, sasa naujua kuliko kiganja changu. Mvua kwenye bati. Kisha nikasikia kijiko kikigonga bakuli. Kikagonga tena. Nilisikia mara kumi na moja.

Ameandika kwa herufi kubwa, ulimi nje: DENGU. CHUMVI NYINGI. KINAFAA KIDOGO. Akatia sahihi yenye mkia mrefu.

Alhamisi, 18 Aprili

KABICHI. IMELALA. IAMSHWE.

Nimekereka, nisiseme uongo. Kabichi nilijifunza kuichemsha saa nzima, na sijawahi kusikia malalamiko. Nimerudi nyuma kwenye kurasa za zamani, kurasa za walimu wenye shahada. Kinafaa. Kinafaa. Kinafaa. Siku zote, chakula chochote, hata siku ile niliyounguza wali, naikumbuka vizuri: Kinafaa. Wengine walitia sahihi wakiwa wamesimama mlangoni, funguo mkononi. Miaka thelathini na moja kabichi yangu ililala, na hakuna aliyejali kuniambia.

Nimeikata nyembamba, nikaitupa kwenye mafuta ya moto na karoti, dakika nne tu. Mkwe ameongeza mara mbili. Sikuwahi kumwona mtu huyu akiongeza kitu.

Jumanne, 23 Aprili

Bilinganya. HAKIFAI.

Kanuni ni kanuni. Sufuria imebaki imefunikwa, binti na mkwe wamekula mkate na chai wakinitazama kama mtu aliyewafungia nje ya nyumba yao.

"Baba, kwani yeye ndiye serikali?" binti ameuliza.

"Kata rufaa," nikamwambia.

Mjukuu mwenyewe alikula mkate vipande vinne na siagi ya karanga, kwa sababu, alisema, kazi ya kukataa inachosha. Binti alipoona kipande cha nne alitaka kusema kitu. Nikamkanyaga mguu. Sote tukatazama dari.

Jumanne, 30 Aprili

Viazi vya kuponda, njegere, mchuzi wa nyanya. KINAFAA. Neno moja tu, bila nyongeza. Nimeimba nikiosha vyombo.

Jumatatu, 6 Mei

Kuku wa msusi wamepungua mwili. Amekuja kuuliza kama nina majani yale ya mvua.

Jumamosi, 11 Mei

Mwalimu wa zamu sasa anaingia jikoni mapema, eti kukagua. Ananusa nyanya. Leo amechambua maharage mwenyewe, akanitolea mawe mawili ambayo macho yangu ya sasa yasingeyaona. Tumebishana kuhusu kitunguu. Anataka kitoweke kabisa. Nikamwambia kitunguu ni msingi wa nyumba. Akasema mbona msingi wa nyumba hauonekani? Nimekikuna kikayeyuka kwenye mchuzi. Tumekutana katikati.

Halafu, akiwa na bakuli mkononi: "Babu, walimu wa kweli walikuwa wanaonja bakuli zima?"

Nimetazama ule ufa ukutani. Kanuni ya kwanza ni kusema kweli. "Vijiko vitatu. Wengine kimoja."

Amefikiri kidogo. "Basi walikuwa wavivu," akasema, na kijiko kikaendelea kugonga.

Ijumaa, 17 Mei

Leo hakuniambia nigeuke. Nilikuwa namenya viazi, yeye akala tu, akinisimulia mtoto fulani wa darasani kwao aliyemeza kifungo. Nilipogundua namtazama ilikuwa nimechelewa. Aliendelea kula. Niligeuka hata hivyo, kwa sababu ya macho yangu mwenyewe.

Ijumaa, 24 Mei

Siku tatu hakuna mvua. Dada yangu ametuma ujumbe: chumba kimefagiliwa. Sipendi jua hili.

Ijumaa, 31 Mei

Tumekwenda wote wanne, mkwe kafunga kibanda, binti kaomba ruhusa. Njia nzima nilikuwa najifanya natazama maduka. Mjukuu akavua viatu, akapanda mizani, akatuamuru kwa sauti ya kazi: "Geukeni."

Watu wazima watatu tukageukia ukuta wa kliniki, wenye bango la kunawa mikono. Nililisoma lote. Nikalisoma tena.

"Kumi na nane," nesi akasema, akanyamaza. Huyu mwanamke anajua kunyamaza mahali pabaya. "Na gramu mia saba."

Binti yangu alikaa kwenye benchi la wagonjwa akacheka na kulia pamoja. Mkwe akamshika mkono nesi akautikisa muda mrefu, hakujua auache vipi. Nesi akaniuliza mimi tumempa dawa gani.

"Madaraka," nikasema.

Jumamosi, 1 Juni

Jua kali. Mvua zimeisha, na mapatano ni mapatano. Asubuhi nimetoa sanduku chini ya kitanda. Nguo zangu si nyingi. Niliufuta mwiko nikaufunga gazeti. Nilifanya kila kitu kwa uchangamfu, nikapiga na mluzi, na kila mluzi ulikuwa wa uongo. Sitaki kwenda. Nimeishi na makelele ya watoto mia nne, na sijawahi kuwa na huzuni kama hii kwa kukosa kelele za mmoja.

Nikaenda jikoni kuchukua ile saa yangu. Mkwe aliirudisha wiki iliyopita, inatembea vizuri, aliitundika juu ya jiko. Nikainyanyua. Haikutoka. Nikavuta. Ameifunga kwa skrubu nne, mbili juu, mbili chini, amezikaza kabisa. Fundi saa hatii skrubu nne kwenye saa ya mgeni. Nilisimama pale mikono juu kama mtu aliyekamatwa.

"Babu." Mwalimu wa zamu alikuwa kwenye kigoda chake, kitabu mapajani. Binti na mkwe walikuwa mlangoni, wanatazama miguu yao. "Geuka."

"Sijapika kitu leo, Mwalimu."

"Geuka tu."

Nikageukia ufa wangu. Nilisikia kalamu ikikwaruza. Ikasimama. Ikauliza kwa mnong'ono neno fulani linaandikwaje, ikajibiwa na mama yake, ikaendelea. Saa iligonga juu ya kichwa changu. Mpishi hageuki mpaka aambiwe, nami sikugeuka.

"Tayari."

Nimekisoma kitabu nikiwa nimesimama. Nanakili hapa alichoandika, ingawa kiko ukurasa wa pili tu kutoka huu. Tarehe: leo. Chakula: BABU. Maoni: ANAFAA. ABAKI. APUNGUZE KITUNGUU. Na kwenye safu ya sahihi, ile yenye mkia mrefu, kisha ya binti yangu, kisha ya fundi saa, ndogo na nyoofu, zimebanana kwenye mstari mmoja.

Nimefungua gazeti nikautoa mwiko, nikausimamisha mahali pake nje ya mlango. Dada yangu nitampigia, ataniambia mengi, nitayasikiliza yote. Mchana nimepika wali na maharage, kikombe kimoja na nusu, na mkono haukuongeza hata punje.

Kuhusu kitunguu, nimekata rufaa.